Kijana na Faini ya Barabarani: Je, Amwambie Mzazi Wake?

 

Limetufikia katika darsa yetu suali la kijana wa huku pwani asomaye Kakamega. Baba yake alimpa gari la kumsaidia masomoni, naye katika muda mchache amekwisha kushikwa mara mbili na askari wa barabarani, kwa kwenda mbio katika njia ya Webuye. Faini ya kwanza aliilipa kwa pesa alizotumiwa za kodi ya chumba. Ya pili hajailipa. Atuuliza: je, yampasa kumwambia mzazi wake, na hali Mtume s.a.w. amekataza mtu kuyafichua makosa ambayo Mola wake amemsitiri?

Baadhi ya wenzetu walitabasamu suali liliposomwa, wakaona mambo ya magari hayana mlango katika fikihi. Sisi hatuoni hivyo. Aendaye mbio barabarani hachezi na roho yake peke yake. Njia ile ina watoto wa shule, na kina mama wenye mizigo, na vijana wa pikipiki watafutao riziki. Kosa hilo ni la dini kabla halijawa la serikali.

Ama hiyo hoja ya sitara, asili yake ni sahihi. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, nayo yamlaumu mtu atendaye dhambi usiku, Mola akamfinika, kisha kulipokucha akajisifu kwayo mbele ya watu. Lakini wanavyuoni wametenga baina ya haki ya Mungu na haki ya mja. Iliyo baina yako na Mola wako, tubu uinyamazie. Iliyo ya mja haikuondokei kwa kuinyamazia. Huna budi kuirudisha kwa mwenyewe au kumtaka radhi.

Natutazame basi, ni nani mwenye haki katika jambo hili? Gari ni la baba, nalo mkononi mwa kijana ni amana. Pesa za kodi zilikuwa za baba, zilizotumwa kwa kazi maalumu. Na jina lililoandikwa katika karatasi za gari ni la baba pia. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, yampa mwenye gari wajibu wa kueleza ni nani aliyekuwa akiliendesha. Wala pesa zenyewe si haba. Kanuni za makosa madogo zilizotolewa mwaka 2016 zilipanga shilingi 500 kwa azidishaye mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa, na shilingi 10,000 kwa azidishaye kwa kilomita 16 hadi 20. Kijana huyu, basi, hafichi dhambi yake. Aficha deni alilomtwika mzee wake pasi na yeye kujua. Jawabu letu ni kuwa yampasa kusema.

Lau pikipiki ingekuwa yake, na pesa ni za jasho lake, na faini amekwisha kuilipa, na hakuna aliyedhurika, tusingemwajibisha kwenda kueleza. Lakini akiulizwa, asiseme uwongo.

Na twamhofia zaidi kwa lile lililo mbele yake. Afichaye faini ya leo, kesho atamtilia askari noti mkononi ili isiandikwe. Watu wameipa rushwa jina tamu, ati ni "chai", na hali Mtume s.a.w. amemlaani mtoaji na mpokeaji wote wawili. Basi kijana atakuwa ameikimbia ghadhabu ya baba, akaingia katika laana. Hiyo ni biashara gani?

Amkumbuke Kaab bin Malik. Katika mwaka wa 9 wa Hijra alibaki nyuma ya vita vya Tabuk bila ya udhuru, naye alikuwa mzima na mwenye mali. Mtume aliporejea, watu zaidi ya themanini walikwenda wakaapa na kutoa nyudhuru, zikapokewa kwa dhahiri yake. Kaab alikuwa fasaha wa maneno, angaliweza kutunga wa kwake, akasema kweli. Jamaa zake walimlaumu, hata akakaribia kurudi na kujikanusha. Alihamwa na watu siku hamsini, asisemezwe hata sokoni, kisha ikateremka toba yake katika Sura ya At-Tawba. Kweli haikumwondolea adhabu siku ile, na kijana wetu asitaraji kuwa baba atacheka.

Nanyi wazazi, hatuwaachi. Wana wa Yaakub walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uwongo. Miaka ikapita, wakaungama mbele yake na kumtaka awaombee msamaha, naye akawaahidi. Hakuwafungia mlango, na msiba wake ulikuwa mkubwa kushinda faini yoyote. Baba apigaye makelele kwa kikombe kilichovunjika hufundisha watoto wake kuficha vigae. Asikizwe kwanza, kisha akaripiwe kwa adabu; na akitaka kumnyang'anya funguo za gari, ni haki yake.

Limebaki neno moja katika barua yake: kuwa mamake ana maradhi ya presha, naye achelea kumshitua. Amwambie baba peke yake, kwa simu akiwa ametulia, si kwa kupitisha kwa mdogo wake. Ataje faini zote mbili na zile pesa za kodi, na aseme atakavyozilipa kidogo kidogo. Na asingojee likizo, maana siku ya kwenda kortini imekwisha kuandikwa.