Kumtia Mtu Damu ya Mwenziwe: Je, Yafaa?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mwanamke amejifungua, na damu yake haikomi. Tabibu ataka damu ya kumtia, na wakati ni mchache. Mlangoni wamesimama mumewe na jamaa zake. Mmoja asema damu ni najisi, nayo imeharimishwa. Wa pili auliza kama jirani akitoa yake hatakuwa nduguye yule mwanamke. Na mume mwenyewe aogopa kutoa, asije akawa maharimu wa mkewe na ndoa ikavunjika. Maswali haya si ya kuchekwa, kwani mwenye kuyauliza aichunga dini yake. Lakini yataka kujibiwa kabla ya siku ya haja, maana mlangoni mwa hospitali hapana nafasi ya kudurusu.

Ilimu ya damu si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Nafis, katika karne ya 13, alieleza jinsi damu itokavyo upande wa kuume wa moyo, ikapita mapafuni, ikarudi upande wa kushoto. Kutia damu ya mtu kwa mtu kulianza London mwaka 1818, kwa mkono wa James Blundell, aliyesikitishwa na wanawake waliokufa kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa. Baadhi ya waliotiwa walipona na wengine walikufa, na sababu haikujulikana hata mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alipobainisha kwamba damu za watu zina makundi, na zisizopatana zikikutana hushikamana na kuharibika. Mwaka 1914 ikajulikana kwamba sitrati huizuia damu isigande, basi ikawezekana kuwekwa. Na mwaka 1937 Bernard Fantus, huko Chicago, akaipa ghala ya damu jina la benki. Jina hilo lisimtishe mtu: benki hii haina riba, na aliyeweka hadai kitu.

Ama uharamu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 173, damu imetajwa pamoja na nyamafu na nyama ya nguruwe. Na papo hapo aliyefikwa na dharura ameondolewa dhambi, maadamu hakutamani wala hakupita mpaka. Ikiwa mwenye njaa ya kufa ala nyamafu apate kuishi, mzazi anayekatika roho ana udhuru gani mdogo kuliko huo?

Ama udugu, hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuilinganisha damu na maziwa. Lakini maziwa yenyewe, katika madhehebu ya Imam Shafi, hayaleti udugu ila kwa mtoto asiyetimiza miaka miwili, naye awe amenyonya mara tano. Aliyenyonya mara nne si ndugu. Itakuwaje mtu mzima aliyetiwa chupa mbili mkononi? Tena chembe nyekundu za damu huishi kadiri ya siku 120, kisha mwili huziondoa. Hata hivyo hukumu haikujengwa juu ya hesabu ya siku, bali juu ya nassi, na nassi imetaja kunyonya, haikutaja damu. Baraza la Fiqhi la Makka liliamua hivyo mwaka 1989: damu haileti umaharimu. Basi mume na atoe, na ndoa yake i salama.

Na damu ya asiyekuwa Mwislamu? Mwislamu amehalalishiwa chakula cha Watu wa Kitabu na kuoa wanawake wao; imani haikai katika mishipa.

Lililo zito ni bei. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza thamani ya damu. Basi kijana asimamaye nje ya hospitali akamwambia mwenye mgonjwa, "Leta fedha kwanza," auza kisichouzwa, tena amuuzia asiyeweza kukataa. Baraza lile lile lilisema kwamba aliyekosa damu ila kwa kununua, na anunue, na dhambi ni ya muuzaji. Zawadi bila ya sharti ni jambo jingine.

Na anayetolewa hupungukiwa na kadiri ya nusu lita, nayo mwili huirudisha. Kwa Imam Shafi kupigwa chuku hakufunguzi saumu, na kutoa damu ni mfano wake. Ila mwenye kuogopa udhaifu mchana wa Ramadhani, mgonjwa akiweza kungoja, na atoe baada ya magharibi.