Goti la Mtu Mwingine

Airport kwetu ni mtaa, si uwanja wa ndege tu. Watu wanazaliwa huku na kuzeeka bila kupanda ndege hata moja. Mimi siku hiyo nilikuwa na tiketi ya Nairobi, nimechelewa, mvua inamwagika. Nikamwambia kijana wa boda, "Kaka, ongeza mwendo, nitakuongezea mia mbili." Hakujibu, aliongeza tu. Kwenye kona tukateleza. Goti lake likachanika vibaya. Mimi suruali ikaingia matope. Nikamlipa, nikakimbia.

Ilikuwa mwisho wa Mei 2024, Kenya ikimlilia Cheruiyot Kirui, aliyefia karibu na kilele cha Everest akipanda bila oksijeni ya mtungi. Nikisoma habari zake kwenye simu, nikakuta jina lingine katikati ya aya: Nawang Sherpa, mwongozaji wake. Naye hakurudi.

Sisi wa pwani theluji tunaijua ya friza. Kule inalala kwa matabaka. Dhoruba ikimwaga mpya juu ya tabaka dhaifu, upepo ukiirundika, uzito wa mtu mmoja waweza kung'oa mteremko mzima. Na hatari haigawanywi sawa. Tarehe 18 Aprili 2014, barafu iliporomoka Khumbu, njia ya kupandia Everest, ikaua watu 16. Wote Wanepali, wote kazini. Mteja hupita pale mara chache. Anayembebea mzigo hupita tena na tena.

Utasema walikubali, walilipwa. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini mtu anayedaiwa kodi ya nyumba akisema ndiyo, amekubali kiasi gani? Halafu ukimkatalia kazi eti unamhurumia, si umemnyang'anya ugali? Hapo nimekwama, na bado sijatoka.

Kirui simhukumu. Mtu mzima ana haki ya kuyaweka maisha yake hatarini, na waliyosemezana wawili wale huko juu hatuyajui. Langu nalijua: bei niliitaja mimi, mwendo niliutaka mimi, goti likawa lake. Na ndege yenyewe, kwa taarifa yako, ilichelewa dakika arobaini.

Niliporudi nilimtafuta stejini nikampa pesa ya dawa. Aliipokea bila kuihesabu.

"Leo pia umechelewa?" akaniuliza, huku ashawasha pikipiki.