Je, Utukufu wa Mwanadamu U Katika Mahali Pake?

Kuna watu wawili walio mbalimbali sana, na wote wawili wamekosea kosa moja. Wa kwanza ni yule asemaye kuwa ilimu ya falaki imemdhalilisha mwanadamu, kwa kuwa imebainisha kwamba hayuko katikati ya ulimwengu. Basi dini, kwa rai yake, haina tena la kusema juu ya utukufu wake. Wa pili ni yule aichelea dini hiyo hata akawakataza vijana wasiisome ilimu hiyo. Wote wawili wamepima cheo cha mtu kwa mahali akaapo.

Na tuitazame kwanza khabari yenyewe. Ule ukanda mweupe uonekanao usiku, ambao Waarabu huuita Majarra, al-Biruni alisema katika karne ya 11 kuwa ni mkusanyiko wa nyota zisizo idadi. Na mwaka 1610 Galileo akazipambanua nyota hizo kwa darubini. (Wala tusijisifu sana kwa al-Biruni, sifa za wazee hazimsomeshi mtoto hisabu.) Mwaka 1785 William Herschel, huko Uingereza, alizihisabu nyota katika mamia ya sehemu za mbingu, akahukumu kuwa jua letu li karibu na katikati ya kundi lote. Hakusema uwongo, wala hakufanya uvivu. Lakini baina ya nyota mna vumbi jembamba lizuialo nuru, naye hakulijua. Alikuwa kama nahodha aliyefunikwa na ukungu baharini: huona maji kadiri moja mbele na nyuma, kulia na kushoto, akajiona yu katikati ya bahari, na pengine mwamba u karibu naye.

Ilipofika mwaka 1918, Harlow Shapley wa Marekani alitazama vichala vya nyota vilivyo mviringo, ambavyo vingi vi nje ya ukanda wa vumbi hilo. Umbali wake aliupima kwa nyota zing'arazo na kufifia kwa zamu, akitegemea kanuni aliyoigundua Bi. Henrietta Leavitt. Akaona vichala hivyo vimeelemea upande mmoja, upande wa buruji ya Kausi. Akasema: katikati ni huko, si hapa petu. Umbali aliuzidisha, kwa sababu vumbi lile halikuthibitishwa mpaka mwaka 1930 na Robert Trumpler. Leo yajulikana kuwa nuru hutumia miaka kama 26,000 kutoka huko hata kutufikia.

Lakini Shapley huyo huyo, aliyetutoa katikati, alishikilia kuwa kundi letu la nyota ndilo ulimwengu wote. Mwaka 1923 Edwin Hubble akaona nyota ya namna ile ile katika Andromeda, nayo ndiyo kile kiwingu kidogo alichokiandika al-Sufi mwaka 964, na kwa kanuni ya Bi. Leavitt ikadhihiri kuwa i nje kabisa ya kundi letu. Akampelekea Shapley barua mwaka 1924. Shapley aliuona msingi wa rai yake umeanguka, akaiacha. Je, ni wangapi katika sisi, wakionyeshwa hadithi iliyo sahihi juu ya hirizi na mazinguo, huacha? Wengi hujibu kuwa babu zao walifanya, kisha humkasirikia aliyewaonyesha. Herschel alikuwa na udhuru wa vumbi. Hawa wana udhuru gani?

Amma utukufu, Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya al-Israa kuwa amewatukuza wana wa Adamu, wala hakutaja kuwa ni kwa kukaa katikati ya nyota. Na tazama Kibla. Waislamu wa Madina waliielekea Baitul Mukaddas kwa muda wa miezi kumi na sita au kumi na saba, kisha wakaamrishwa kuielekea Kaaba. Lau heshima ya mahali ingelitoka katika vipimo vya ardhi, vipimo havikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni amri. Basi mtu mwenye kuisujudia amri hiyo ana khofu gani akiambiwa kuwa ardhi yake iko pembeni?

Na jua lenyewe halikutulia hapo pembeni. Huizunguka ile katikati pamoja na sisi, na mzunguko mmoja huchukua miaka kama milioni 230. Tangu Hijra hata leo halijatimiza sehemu moja katika laki moja ya mzunguko huo.