Gari Lisilotoa Moshi na Dhima ya Mwenyewe

Tangu nyumba yetu ilipopata gari la umeme, wanaotutembelea hutuuliza mambo mawili: limegharimu kiasi gani, na hwenda mwendo gani kabla ya kuishiwa. Hayo ni maswali ya watu wenye akili. Walakini kijana mmoja wa darasa yetu ya baada ya Isha alituuliza la tatu, nalo ndilo lililotushikisha kalamu: Je, mwenye kupanda chombo kisichotoa moshi amesalimika na lawama ya moshi, au ameuhamisha tu akaupeleka mahali asipopaona?

Tuanze na sifa, kwani kuificha neema si adabu. Gari ni jipya, la watu watano, nasi tumelinunua kwa ushirika, ndugu watatu wa nyumba moja, kwa fedha taslimu bila ya riba. Hulitia stima usiku kwa waya wa ukutani, na kwa saa kumi hupata kiasi cha kwendea kilomita 150. Kutoka Ukunda mpaka Likoni na kurudi ni kama kilomita 60. Basi usiku mmoja hutosha safari mbili na ziada. Gharama yake, kwa hesabu tuliyoifanya wenyewe, haizidi thuluthi ya petroli. Mama yetu, ambaye kila safari ya matatu humchafua moyo, alikwenda Lunga Lunga akarudi kana kwamba alikuwa amekaa barazani.

Wala asidhani mtu kuwa jambo hili limezuka jana. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, alilipeleka gari la umeme zaidi ya kilomita 100 kwa saa huko Ufaransa, na hapakuwa na gari lolote lililopata kufika mwendo huo kabla yake. Kisha petroli ikashinda, kwa sababu petroli hubebeka. Mpaka zilipopatikana betri zilizo bora ndipo umeme ukarejea. Serikali yetu nayo ilipunguza ushuru wa bidhaa wa magari haya mwaka 2019, kutoka sehemu 20 katika mia hata 10, na mwaka 2023 ikawekwa bei maalumu ya umeme wa vyombo hivi, ya usiku ikiwa chini kuliko ya mchana. Haya yote ni kheri, nasi hatuna neno nayo.

Lakini jambo la kwanza lililotushughulisha ni lile lile ambalo watu hulisifu zaidi, nalo ni ukimya. Apandaye gari hili hustarehe. Je, aendaye kwa miguu? Kando ya barabara yetu ya Likoni mpaka Lunga Lunga hupita watoto wa skuli, mabibi wenye mizigo kichwani, na vipofu wanaoongozwa na masikio yao. Hawa wote wamezoea tangu utotoni kwamba gari hujitangaza. Sasa lawajia nyuma bila ya sauti, khasa kwenye vijia vya ndani vya mchanga ambako hata tairi haziliwi na lami. Wazungu wameliona jambo hili wakalitungia sheria: tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima litoe sauti ya kuonya linapokwenda polepole. Huku kwetu hatungoji sheria. Haki ya njia ni ya mwenye miguu kabla ya kuwa ya mwenye magurudumu, na starehe ya apandaye haiwi hoja ya kumtisha apitaye. Sisi nyumbani tumeafikiana kuwa vijiani gari liende mwendo wa mtu aendaye haraka kwa miguu, na aliye na haraka zaidi na ashuke atembee.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Kila mtu wa pwani ajua kwamba mwenye gari mtaani si mwenye gari peke yake. Usiku wa manane hugongwa mlango: fulani ameshikwa na uchungu, fulani amezidiwa, apelekwe Msambweni hospitali. Zamani, likiwa tangi tupu, kijana hutumwa mbio akaleta petroli ya chupa, na gari likaondoka. Umeme hautiwi chupani. Gari lililorudi jioni limechoka, likatiwa waya saa nne ya usiku, saa sita litakuwa na kiasi kidogo tu, wala hapana wa kutumwa popote. Kwa hivyo twaona kuwa mwenye gari hili ana wajibu ambao mwenye petroli hakuwa nao: kila Magharibi aangalie kilichobaki, na asikubali kamwe kulirudisha nyumbani likiwa chini ya kiasi cha kumfikisha mgonjwa hospitali. Kilichobaki hicho si chake. Ni amana ya jirani. Atakayesema kuwa huku ni kujikalifisha, basi na atuambie siku hiyo atamjibu nini mume wa mwanamke aliye mlangoni.

Sasa tuje kwenye swali la kijana. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa, karibu tisa katika kumi, hautokani na kuchoma mafuta. Watoka katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, katika mabwawa ya mto Tana, na katika upepo wa Turkana, ambako yamesimamishwa mapanga 365. Walakini pale Kipevu, mkabala na kisiwa cha Mombasa, mitambo ya mafuta mazito ingalipo, nayo hutumika khasa jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja. Basi mwenye kuchomeka gari lake mara tu baada ya Magharibi huenda akachoma mafuta kwa mkono wa mwengine, na moshi ule ukawaangukia watu wa Changamwe badala ya kumtoka yeye kwa nyuma. Akingoja mpaka watu walale, mambo hugeuka: usiku wa manane mvuke wa Olkaria huwa mwingi kuliko haja, mwengine huachiliwa ukapotea hewani. Kitendo ni kimoja, waya ni ule ule, na saa ndiyo yenye kupambanua. Kijana wetu alikuwa na haki ya kuuliza.

Kisha kuna betri yenyewe. Sehemu kubwa ya madini yaitwayo kobalti, zaidi ya nusu ya yanayochimbwa duniani, hutoka Kongo, upande wa Kolwezi, na miongoni mwa wachimbao wako watu wanaoingia mashimoni kwa mikono mitupu, na wamepatikana watoto. Kabla ya kununua tulimuuliza muuzaji: betri hii ni ya kobalti au ni ile nyengine itumiayo chuma na fosfeti? Alitutazama kama tuliomwuliza jina la nyanya yake. Tukazisoma karatasi wenyewe, tukapata kuwa ni ya chuma. Aina hii ipo, nayo si ghali zaidi. Basi mwenye kununua asiseme kuwa hakuwa na hiari.

Hapa wako watu wa namna mbili wanaotuudhi. Mmoja husema: mimi nimenunua dukani kwa halali, yaliyotendeka huko shimoni hayanihusu. Huyu amesahau kwamba anunuaye kitu akijua kuwa ni cha wizi hatakaswi na ule ununuzi wake. Mwengine husema kila kitu kimeoza, kwa hivyo gari lako na lori la moshi ni sawasawa. Naye asema hayo akiwa ameshika simu ambayo ndani yake mna kobalti ile ile! Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba haifai kumwondolea mtu madhara kwa kumtwika mwengine madhara kama hayo. Hawakusema kuwa pasipopatikana usafi kamili tuache kupambanua. Mtu hudaiwa kwa kadiri ajuavyo, na kwa kadiri awezavyo kujua lau angeuliza.

Na Kolwezi isionekane mbali. Rangi nyeupe ya magari hufanywa kwa titani, na mchanga wa titani ulichimbwa hapa hapa kwetu, Maumba na Nguluku, tangu mwaka 2013 hata Disemba 2024, baada ya wenyeji kuhamishwa na makaburi ya wazee wao kuhamishwa pamoja nao. Huenda weupe wa gari letu ni mchanga wa Kwale uliozunguka dunia ukaturudia. Na mlima Mrima una madini adimu ya namna ile inayotumiwa kutengenezea sumaku za mota za umeme. Ndiyo sababu mataifa makubwa huutaja mlima ule kuliko tuutajavyo sisi. Sheria ya madini ya mwaka 2016 imewatengea watu wa mahali sehemu 10 katika mia ya mrabaha, kaunti 20, na serikali kuu 70. Tuwaulizayo watu wa Kolwezi kwa huruma ndiyo tutakayoulizwa sisi: nani aliitwa barazani, nani alitia sahihi, na kwa niaba ya nani? Mwenye gari la umeme wa Diani akiingojea raha hii iongezeke na iwe rahisi, ajue kwamba hiyo nafuu yaweza kuchimbwa katika shamba la ami yake, na ni afadhali ahudhurie mkutano wa kijiji sasa kuliko kulia baadaye.

Limebaki jambo dogo, ambalo darasa imekhitilafiana nalo. Ada yetu ni kwamba anayepelekwa hospitali usiku, jamaa zake hutoa fedha ya mafuta, na ada hiyo ilipimwa kwa bei ya petroli. Sasa safari ile ile yatugharimu thuluthi. Baadhi ya wenzetu wanasema tupokee kama kawaida, kwani gari lachakaa na betri siku moja itataka kubadilishwa, nayo ni ghali. Sisi twaona tupokee thuluthi tu, na lililo la betri tulitoe mifukoni mwetu, kwa kuwa mtu aliyeshikwa na haja usiku hana nafasi ya kupatana bei. Mwenye hoja iliyo na nguvu kuliko hii atuletee kabla ya toleo lijalo, nasi tutaichapa pamoja na jina lake.