Ahadi kwa asiye Mwislamu: Tuliyoyaacha Tabora

Kila tunapofika kwenye somo la kuingia kwa Uislamu bara, hapa Dodoma hujitokeza mwanafunzi akauliza: katika vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, sisi Waislamu tulikuwa upande gani? Muulizaji huwa amekwishajijibu. Wafanyabiashara wale walikuwa wakiswali, Mirambo hakuwa Mwislamu, basi haki ilikuwa kwao. Hata watu wazima barazani nimewasikia wakisema hivyo, kwa hoja kwamba historia ya shuleni imewachafua Waarabu kupita kiasi na yatupasa kuwatetea. Kwamba imewachafua, sibishani. Lakini kuutetea Uislamu ni jambo moja, na kutetea kila alilofanya Mwislamu ni jambo jingine.

Tuanze kabla ya Mirambo. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850, akarithiwa na Mnywa Sere. Waarabu walikuwa wageni katika nchi ile, wamejenga na kufanya biashara kwa amani ya wenyeji. Mnywa Sere akataka bidhaa zao zitozwe ushuru. Je, hilo lilikuwa geni kwao? Misafara yao ilipita hapa kwetu Ugogo, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, nao wakalipa huku wakinung'unika, maana maji na chakula vilikuwa mikononi mwa Wagogo. Unyanyembe walijiona wana nguvu. Wakamwondoa mwenyeji wao kwa bunduki, wakamkalisha Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akawa mtu wa porini, akihangaika na wafuasi wake hadi pande za Ugogo. Msafiri Speke alikutana naye mwaka 1861, akaombwa amsuluhishe na Waarabu. Suluhu haikupatikana, na mwaka 1865 Mnywa Sere akauawa.

Sasa tuipime kadhia hii kwa mizani yetu wenyewe. Mafaqihi wameeleza kwamba Mwislamu anayeingia nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani yao, ni haramu kwake kuwafanyia khiyana katika nafsi na mali zao. Na Suratul Anfal aya ya 72 imekwenda mbali zaidi: Waislamu wenzetu wakituomba msaada kwa ajili ya dini ni wajibu kuwasaidia, isipokuwa dhidi ya watu ambao baina yetu na wao kuna mkataba. Yaani hata udugu wa imani hauvunji ahadi aliyopewa kafiri! Hudhayfa bin al-Yaman (RA) na baba yake hawakupigana Badr. Maquraishi waliwakamata njiani, wakawaachia kwa sharti wasiende kupigana pamoja na Mtume (SAW). Walipomweleza, akawaamuru waitimize ahadi ile. Huyo ni Mtume, na siku ile kila mpiganaji mmoja alikuwa na thamani.

Atasema mtu kuwa siasa za watawala haziendeshwi hivyo. Ni kweli haziendeshwi. Uzun Hasan, mtawala wa Waturkmeni wa Ak Koyunlu, alioa binti mfalme wa Kikristo wa Trebizond na kuwa mshirika wa nchi ile. Jeshi la Sultan Mehmed II lilipokwenda kuiteka mwaka 1461, Uzun Hasan alipatana na Sultan akawaacha wakwe zake. Baadaye yeye mwenyewe akaungana na Venice, dola ya Kikristo, dhidi ya Sultan huyo Mwislamu, na mwaka 1473 akashindwa vibaya Otlukbeli. Vitabu vinamsifu kwa werevu. Mimi nauliza tu, ni mshirika gani angelala usingizi akimtegemea?

Mirambo naye hakuwa malaika. Rugaruga wake walichoma vijiji vya watu wasio na hatia. Lakini tazama washirika wake. Stanley alipigana upande wa Waarabu dhidi yake mwaka 1871. Mwaka 1876 wakachanjiana udugu wa damu. Wamisionari wa Kiingereza aliwapa mahali pa kukaa Urambo. Tippu Tip, Mwislamu, alikuwa na mapatano naye. Basi iko wapi hiyo vita ya Uislamu na ukafiri? Ilikuwa vita ya njia, pembe na ushuru.

Nayaandika haya kwa sababu maradhi yale tunayo mpaka leo. Tunaishi Dodoma tukiwa tumechanganyika na Wakristo, nyumba kwa nyumba. Wapo kati yetu, na wengine wana vilemba, wanaoona deni la jirani Mkristo ni jepesi, au mapatano ya shamba na yule wa kanisani yanaweza kusogezwa kidogo. Wakiulizwa huitafuta aya, nayo hawaipati.

Agosti 1890 Waarabu wa Tabora walipatana na Emin Pasha, bendera ya Mjerumani ikapanda. Januari 1893 Wajerumani waliivamia boma ya Isike, mrithi wa Mkasiwa, naye akajilipua kwa baruti. Uislamu uliingia katika nyumba ile ya watemi baadaye, kwa njia nyingine. Chifu Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri katika serikali ya Nyerere, alitoka katika ukoo huo huo.