Gego Lililotobolewa Bure

Mama yule alikuja kwa jino la juu. Gego la chini kulia, lenye kiziba cha amalgamu cha miaka mingi, hakulitaja. Mimi ndiye niliyeliona, tena si kinywani mwake bali kwenye picha ya eksirei, kwenye kompyuta.

Picha ya eksirei ya kidijitali ni jedwali la namba. Kwa kawaida kila nukta hupewa namba kuanzia 0, nyeusi tititi, hadi 255, nyeupe pe pe pe. Amalgamu huzuia miale, ikatoka nyeupe. Palipooza pamepoteza madini, miale hupenya, pakatoka peusi. Basi programu ya kutafuta uozo huwinda weusi. Siku hiyo nilibonyeza kitufe cha kunoa picha, mistari ikakolea kama imechorwa kwa wino, na kando ya kiziba pakazuka utepe mweusi mwembamba.

“Mama, huku chini pameoza.”

“Mbona haliumi, daktari?”

“Tusingoje liume.”

“Haya mwanangu, wewe ndiye unayeona.”

Nikapiga ganzi, nikatoboa, nikatoa kiziba. Chini yake jino lilikuwa gumu. Nilipolikwaruza kwa kichokoo lililia kama kigae. Nilirudi kwenye picha, nikaondoa ule unoaji. Utepe ukatoweka.

Nilimwambia ukweli. Akanyamaza kitambo, shavu limekufa ganzi, akauliza: “Kwa hiyo lilikuwa zima?” Nikajibu ndiyo. Nililiziba upya bila malipo, lakini ule unga wa jino uliokwenda na maji haurudi.

Unoaji hukuza tofauti pale weupe unapopakana na kijivu: upande mmoja huzidishwa weupe, wa pili hutiwa weusi ambao haukuwepo. Kando ya kiziba cha amalgamu ndipo tofauti hiyo ilipo kubwa, na ndipo hasa uozo wa kweli hupenda kujificha. Shingoni mwa jino namo, kati ya mwisho wa enameli na mfupa, hutokea kivuli cha kawaida ambacho programu, na hata daktari mchanga, huweza kukidhania tundu. Tena uozo unaoanza hukwepa: madini hupungua kwa takriban asilimia 30 hadi 40 ndipo eksirei ionyeshe kitu, na hakuna kitufe cha kurudisha ambacho miale haikukinasa.

Nawasihi mnaoanza kazi hii: kabla ya kushika mashine, fungueni picha ya awali isiyoguswa, ilinganisheni na ya zamani kama ipo, kisha kausheni jino mlitazame kwa macho yenu. Na mgonjwa akiuliza mbona haliumi, simameni hapo kwanza.