Kujiombea Kiti cha Kamati ya Shule

Lipo swali ambalo huonekana dogo kwa kuwa kiti chenyewe ni kidogo. Mtu akitaka ubunge twamwuliza mengi, na magazeti humwuliza mengine. Lakini akitaka kuingia katika kamati ya usimamizi wa shule ya msingi ya kijijini, watu husema tu, "Mwacheni, ana nafasi." Nasi twadhani kwamba hapo hapo ndipo swali la maadili lilipo: je, yampasa mtu mwema kusimama mbele ya jirani zake na kusema, "Nichagueni mimi"? Au wema wake wamtaka anyamaze mpaka aitwe?

Hapa kwetu Uganda ukimya ndio uheshimiwao. Katika mkutano wa wazazi, anapotafutwa wa kuwawakilisha, aghalabu wale ambao sote tungependa washike mambo ya watoto wetu huinamisha macho. Yupo mama auzaye nyanya sokoni, ambaye hesabu yake haijapata kupotea hata shilingi. Yupo seremala aliyekarabati madawati asidai malipo. Jina likitajwa, mwenye jina hutikisa kichwa. Kisha husimama mtu ambaye hakutajwa na yeyote, naye hapingwi, kwa kuwa jua limekuwa kali na watu wataka kwenda zao.

Kabla ya kulaumu, natuangalie kinachogombewa. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliweka kamati za usimamizi katika shule za msingi zinazosaidiwa na serikali. Dhehebu lililoanzisha shule huteua wajumbe wake, serikali ya mtaa ina wake, walimu wana wao, na wazazi huchagua wao. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, uliondoa karo, lakini haukuondoa njaa. Chakula cha mtoto kimeachiwa mzazi. Basi kamati ndiyo hukaa na kuulizana: Je, uji upikwe? Kila mzazi alete kilo ngapi za mahindi? Na asiyeleta, mtoto wake afanyweje? Sheria hiyohiyo yakataza mtoto kufukuzwa kwa sababu mzazi wake hakutoa mchango. Lakini sheria haisimami langoni mwa shule. Zipo njia nyingi za kumfukuza mtoto bila kumfukuza. Aweza kuitwa jina lake mbele ya gwaride, au kuachwa kando ya sufuria akiwaangalia wenziwe wakinywa, mpaka siku moja asije tena. Mambo hayo huamuliwa, au huachwa yajiamulie, na watu wachache walioketi juu ya mabenchi alasiri moja. Sisi tunaofundisha lugha twajua mtoto mwenye njaa hufahamu nini katika ngeli za majina saa nane za mchana. Hafahamu kitu.

Hata hivyo, sababu za kunyamaza si za kipuuzi. Waislamu wana wasia wa Mtume kwa Abdurrahman bin Samura, kwamba asiombe uongozi, kwa maana apewaye kwa kuomba huachiwa mzigo wake peke yake, na apewaye bila kuomba husaidiwa. Lakini haohao husoma katika Kurani habari za Yusufu, aliyemwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja na sifa zake, kwamba yeye ni mlinzi na mjuzi. Wanazuoni wameyapatanisha mambo hayo kwa elimu yao, nasi si wanazuoni. Twaona tu kwamba Yusufu hakuomba heshima. Aliomba ghala, na miaka ya njaa ilikuwa njiani.

Wakristo nao wana ngano ya Yothamu katika kitabu cha Waamuzi. Miti ilikwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni ukakataa, kwa kuwa haukutaka kuyaacha mafuta yake. Mtini haukutaka kuuacha utamu wake, wala mzabibu divai yake. Mwishoni mti wa miiba ukakubali, ukawakaribisha wenzake kivulini, mti usio na kivuli, na katika jibu lake ulikuwamo moto wa kuteketeza hata mierezi ya Lebanoni. Ngano hii huhubiriwa kuwa onyo juu ya mti wa miiba. Sisi twapenda kuuliza habari za mzeituni. Hapana shaka mafuta yake yalikuwa mema. Je, moto ukiisha kuwaka, yatamfaa nani?

Wala swali hili si la kwetu peke yetu. Bodi za shule zilipoanzishwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1870, wanawake waliruhusiwa kugombea, ingawa kura ya kumchagua mbunge hawakuipata mpaka mwaka 1918. Huko London, katika mtaa wa Marylebone, alikuwako daktari mwanamke jina lake Elizabeth Garrett. Kwa desturi ya siku zile mwanamke mwenye heshima hakupanda jukwaani kujinadi, na kama angekataa kugombea hakuna ambaye angemlaumu, wengi wangemsifu. Alikubali, akapanda jukwaani, akapata kura zaidi ya 47,000. (Mpiga kura aliruhusiwa kumpa mtu mmoja kura zake zote, kwa hiyo hesabu hiyo si ya vichwa.) Thomas Huxley, mwanasayansi mashuhuri, aligombea papo hapo akapata kura chini ya theluthi moja ya hizo. Mwenziwe Emily Davies alichaguliwa Greenwich, na Lydia Becker akachaguliwa Manchester. Lau wanawake hao wangaliuchagua ukimya uliosifiwa, bodi zao zingalikuwa za wanaume watupu, na mambo ya wasichana yangaliamuliwa bila mwanamke hata mmoja kuwamo. Wangalibaki na sifa ya haya, na gharama yake ingalilipwa na watoto wa watu wengine.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaohesabu kila kukataa kuwa unyenyekevu. Mtu akijinyima kitu chake, huo ni unyenyekevu. Akiwanyima wengine kazi yake njema ili asisemwe, hilo ni jambo jingine, na lugha yetu inalo jina lake: uoga.

Lakini na tusiende upande wa pili kwa pupa. Mtu akiisha kukubali kwamba kugombea si aibu, huja jirani kumshauri namna ya kugombea. Sote twazifahamu kampeni za sukari, chumvi na sabuni. Tumeona desturi hiyo ikishuka kutoka kwenye viti vya bunge mpaka kwenye viti vya kamati ya shule, ambavyo havina mshahara. Mtu anunuaye kiti kisicho na mshahara yafaa aulizwe atarudishaje fedha zake, nasi twahofu kwamba jibu li katika ghala la mahindi. Afadhali mgombea aseme mambo machache yanayoweza kuhesabiwa: uji utapikwa siku ngapi, choo cha wasichana kitapata mlango lini, hesabu za shule zitabandikwa wapi. Aseme pia atamfanyia nini mtoto wa yule aliyempinga. Akibabaika hapo, tumekwisha kumjua.

Na mwalimu je? Wengi wa wasomaji wetu ni walimu, nao ni wazazi pia. Walimu wa shule wana mjumbe wao katika kamati, lakini mwalimu anayefundisha kwingine na watoto wake wasoma hapa kijijini aweza kusimama kama mzazi mwingine yeyote. Aghalabu hasimami. Husema ana kazi nyingi, na ni kweli. Husema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hapendi kukagua hesabu za mwalimu mkuu ambaye kesho watakutana katika usimamizi wa mitihani. Twamwelewa. Lakini katika mkutano ule huenda ni yeye peke yake ajuaye kusoma daftari la matumizi, na wenzake wataona ameketi kimya huku kurasa zikipinduliwa haraka haraka.

Limebaki jambo la kushindwa, ambalo wagombea hulifikiria kwa nadra. Tumemwona mtu aliyekosa kiti akawahamisha watoto wake muhula uliofuata, na mwingine akaacha kuleta mahindi. Hao walitueleza walichokuwa wakikitaka, na waliowanyima kura hawakuhitaji kujilaumu. Yupo pia aliyekosa kiti, na mwezi uliofuata akaja na gunia lake juu ya baiskeli kama kawaida, akamsalimu mjumbe aliyemshinda, akauliza kuni zimefika au bado. Huyo katika mkutano ujao tutamtaja sisi wenyewe, hata akitikisa kichwa.